Epictetus: Mtumwa Aliyefundisha Uhuru

Mwanafalsafa Epictetus alizaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo huko Hierapolis, mji ambao magofu yake yako Uturuki ya leo. Alikulia utumwani mjini Roma, mguu wake mmoja ukiwa kilema. Bwana wake, Epaphroditus, aliyewahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe na baadaye katibu wa Kaisari Nero, alimruhusu kuhudhuria darasa la Musonius Rufus, mwalimu wa falsafa ya Wastoa, mafundisho ya kale ya Kigiriki kuhusu kuishi kwa wema na utulivu wa nafsi. Baadaye akaachwa huru. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, Epictetus alihamia Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki, akafungua shule. Hakuandika kitabu. Tunachosoma leo ni yale aliyoyanakili mwanafunzi wake Arrian.

Msingi wa mafundisho yake ni huu: hukumu zetu, nia zetu na tamaa zetu zimo mikononi mwetu, mwili, mali, cheo na sifa havimo. Kinachomsumbua mtu si jambo lenyewe, ni jinsi anavyolihukumu. Ukikumbuka kwamba msemaji aliwahi kuuzwa na kununuliwa, utaona maneno haya hayakutoka kwa mtu aliyeshiba.

Siku moja aliibiwa taa yake ya chuma. Alisikia kishindo dirishani, akakimbia kushuka, akakuta mwizi keshaondoka nayo. Akaamua kununua ya udongo, kwa kuwa mtu hupoteza kile tu alicho nacho.

Lakini taa ni taa. Je, mtoto? Hapa ndipo wengi wanapomwelewa vibaya, wakidhani anatuambia tukunje mikono na kusema liwalo na liwe.

Afisa mmoja wa serikali alimweleza kwamba binti yake alipougua sana, yeye alishindwa kuvumilia kumwona. Akatoka nyumbani, akakaa mbali mpaka alipoletewa habari kuwa amepata nafuu. Alijitetea kwamba ni mapenzi, na kwamba kila baba angefanya vivyo hivyo. Epictetus akambana kwa maswali. Mama yake hampendi? Anampenda. Basi naye angeondoka? Na yaya je? Mtoto aachwe peke yake na maradhi yake kwa sababu wote wanampenda mno? Na wewe ukiugua, ungependa upendwe hivyo? Afisa akakiri kwamba hapana.

Kwa Epictetus, si ugonjwa uliomtoa baba yule nyumbani. Ni uamuzi wake kwamba kukimbia ni sawa, na uamuzi huo angeweza kuubadili. Ugonjwa haukuwa mikononi mwake. Kukaa kando ya kitanda kulikuwa. Mimi huona hapa ndipo penye uzito wa falsafa yake, kwa sababu anayeacha kuhangaikia asichokiweza hubaki na kazi nzima ya anachokiweza.

Mwenyewe aliishi peke yake kwa miaka mingi. Uzeeni, rafiki yake alipotaka kumtupa mtoto wake kwa sababu ya umaskini, Epictetus alimchukua yule mtoto, akaleta na mwanamke nyumbani wa kusaidiana naye kumlea.