Maji ya visima vya Makutupora: yanayosemwa na yalivyo

Jiji la Dodoma hunywa kwa sehemu kubwa maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini. Kwa kuwa yanatoka chini sana, yamepewa sifa nyingine ambazo si zake.

“Kisima kirefu hakichafuki.” Uchafu hauna haja ya kupenya mwamba. Hushuka kwenye mwanya kati ya bomba la kisima na ukuta wa shimo. Ndiyo maana mita 3 za juu, au zaidi, huzibwa kwa saruji, mdomo wa bomba huinuliwa kama sentimita 50 juu ya ardhi, na sakafu ya zege huinamishwa kuelekea nje. Zege likipasuka, maji ya mvua yameshapata njia. Sheria inalinda mita 60 kuzunguka chanzo, lakini naitreti (kemikali ya nitrojeni) ya vyoo huyeyuka na kusafiri na maji kutoka mbali zaidi.

“Yakishachemka, basi.” Vimelea hufa, lakini naitreti hubaki; mvuke ukitoka, hata hukolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na ulimi hauwezi kuionja.

“Klorini hutiwa kwa kukadiria.” Klorini ndiyo dawa ya kuua vimelea vya maji, na hapa ndipo mambo huharibika. Tangi la lita 50,000 kwa dozi ya miligramu 1 kwa lita linahitaji gramu 50 za klorini halisi. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 utakuwa gramu 77. Mimina unga kwenye maji ndani ya ndoo ya plastiki (kamwe usimwage maji juu ya unga), koroga, acha machicha yatuame, kisha tumia maji ya juu tu. Machicha huziba mashine ya dozi. Subiri dakika 30, upime. Kwenye bomba la mwisho la mtandao ibaki klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikisoma sifuri, usiongeze dozi kwanza: tafuta bomba lililopasuka. Na unga uliokaa wazi kwenye joto huwa umeshapoteza nguvu, hata lebo ikisema 65.

“Kila masika hujaza kisima.” Vipimo vya Makutupora tangu miaka ya 1950 vinaonyesha vingine: misimu mingi haiongezi kitu cha maana. Maji hupanda katika misimu michache ya mvua kubwa, hasa ile ya El Niño ya 1997/98, pale vijito vya msimu vinapofurika na kuvuja kupitia mchanga wake. Kiasi cha kusukuma kipangwe kwa kina cha maji kinachopimwa kisimani.