Dakika Nane za Kepler na Kazi Yetu ya Leo

Watu wengi hudhani kazi yangu ya kukokotoa njia za magimba ya angani ni kujaza namba kwenye fomula ya Newton na kusubiri jibu. Magimba yakiwa mawili tu, Jua na sayari moja, ni kweli. Likiingia la tatu, mambo huvurugika: mwishoni mwa karne ya 19 Henri Poincaré alionyesha kuwa hakuna fomula nadhifu ya kumaliza tatizo hilo. Kwa hiyo tunakadiria, tunalinganisha na kilichoonekana kwenye darubini, kisha tunahangaika na tofauti inayobaki. Kwangu mimi, mekanika ya anga ni hiyo tofauti.

Mwanaastronomia Johannes Kepler alikutana na tofauti hiyo kwenye sayari ya Mirihi. Njia ya duara aliyoikokotoa ilipishana na vipimo vya mtazamaji nyota Tycho Brahe kwa dakika 8 za pembe, kama robo ya upana wa Mwezi mpevu tunavyouona angani. Vipimo vile vilichukuliwa kwa macho matupu, kabla ya darubini, na mtu mwingine angevisingizia. Kepler alimwamini Brahe, akalitupa duara, na mwaka 1609 akachapisha duaradufu. Sababu yake aliieleza Newton mwaka 1687: kila gimba huvuta kila jingine. Basi hata sayari husumbuana.

Ndipo Uranusi ilipokataa kufuata hesabu. Mfaransa Urbain Le Verrier aligeuza swali: sayari gani isiyojulikana, ikiwa wapi, ingeweza kuivuta namna hii? Jibu akampelekea Johann Galle wa Berlin kwa barua. Usiku wa Septemba 23, 1846, siku ileile barua ilipofika, Galle aliiona Neptuni, chini ya digrii moja kutoka pale alipoelekezwa.

Baadaye Utaridi nayo ikaonekana kwenda kombo, na Le Verrier akatumia dawa ileile: lazima kuna sayari nyingine karibu na Jua. Ikapewa hata jina, Vulcan. Ilitafutwa kwa miongo na haipo. Tofauti yenyewe, sekunde 43 za pembe kwa karne, ilielezwa na Einstein mwaka 1915 kwa nadharia mpya ya mvutano. Vitabu hupenda kisa cha Neptuni. Mimi nakiona hiki kuwa kikubwa zaidi. Mtu yuleyule, njia ileile, ila safari hii kasoro ilikuwa kwenye sheria ya Newton yenyewe.

Siku hizi tofauti nyingine tumezigeuza vitendea kazi. Dunia si tufe kamili; kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha ncha kwa ncha kwa takriban kilomita 43. Uvimbe huo hugeuza polepole bapa la obiti ya setilaiti, yaani bapa ambamo njia yake ya kuizunguka Dunia imelala. Setilaiti ikiwekwa kimo cha kilomita 700 hivi na mwinamo wa digrii 98 kutoka ikweta, bapa hugeuka karibu digrii moja kwa siku, sawa na mwendo wa Dunia kulizunguka Jua. Hivyo hupita juu ya kila eneo saa zilezile za jua, na picha za misitu au barafu zinalinganishika, bila kuchoma fueli kugeuza bapa hilo. Sijaona ujanja mzuri kuushinda huu.

Kwa asteroidi, miamba inayolizunguka Jua, tunahesabu misukumo midogo zaidi. Septemba 26, 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiliigonga Dimorphos, asteroidi ndogo inayoizunguka asteroidi kubwa zaidi, na mzunguko wake huo wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Kwa asteroidi nyingine, Apophis, msukumo unaotushughulisha unatoka kwenye joto: mwamba uliopashwa na Jua hulitoa joto hilo na kujisukuma kiduchu, mwaka baada ya mwaka. Vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hofu ya kugongwa nayo kwa angalau miaka 100. Aprili 13, 2029 itapita takriban kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini ya kimo cha setilaiti za matangazo ya televisheni, na mvutano wetu utaipinda njia yake kiasi cha kutulazimu kuikokotoa upya.