Lugha mbili kuwa ndugu maana yake nini? Mfano wa Kiarmenia na Kisebuano

Chukua neno sukari. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, wanasema shakar. Kisiwani Cebu, Ufilipino, wanasema asukal. Ukiyapanga maneno hayo matatu unaweza kuapa kwamba yametoka nyumba moja, lakini Kiswahili, Kiarmenia na Kisebuano hazina undugu wowote. Neno lilianzia Bara Hindi likapita Uajemi. Waarmenia walilichukua kwa Waajemi, sisi tukalipata kwa Waarabu. Waarabu hao hao walilifikisha Hispania, na meli za Wahispania zikalivusha hadi Ufilipino. Ni bidhaa iliyosafiri na jina lake.

Undugu wa lugha, au familia ya lugha kama wanaisimu wanavyopenda kusema, ni jambo jingine. Lugha mbili ni ndugu zikiwa zimetokana na lugha moja ya zamani ambayo wasemaji wake walitawanyika, kila kundi likabadili matamshi kwa njia yake. Sisi tunasema watu, Wazulu abantu, wasemaji wa Kilingala bato. Hapo hakuna aliyemwazima mwenzake. Kila mmoja amerithi. Na ushahidi wa urithi si kufanana kwa masikio tu, bali tofauti zenye utaratibu: sauti fulani huku, sauti fulani kule, neno baada ya neno.

Kiarmenia ni wa familia ya Kihindi-Kiulaya, pamoja na Kiajemi, Kigiriki, Kirusi na Kiingereza, ila kimekaa kwenye tawi lake peke yake. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walikihesabu kuwa tawi la Kiajemi, maana maneno ya Kiajemi yamejaa tele ndani yake. Mwaka 1875 Mjerumani Heinrich Hübschmann aliweka kando maneno ya kuazima, akachunguza yaliyobaki, akaonyesha kwamba yanafuata kanuni zake yenyewe. Kisa hiki sisi tunakijua vizuri. Ni mara ngapi umeambiwa Kiswahili ni Kiarabu? Toa kitabu, saa na sukari, kisha utazame kinachobaki: mtu, maji, kula, kwenda, na ngeli zote mahali pake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni erku, yaani mbili kwa Kiarmenia. Kilatini ni duo, Kiajemi do. Nani angedhani erku ni ndugu yao? Mfaransa Antoine Meillet alionyesha kwamba dw- ya mwanzo wa neno katika lugha ya zamani hugeuka erk- kwa Kiarmenia, na jambo hilo hilo linaonekana katika erkar, yaani -refu. Kwa hiyo shakar inafanana na sukari na si ndugu yake, wakati erku haifanani na duo nayo ni ndugu wa damu.

Kisebuano, ambacho wenyewe wengi hukiita Bisaya, kina wasemaji takriban milioni 20, na familia yake ni ya Kiaustronesia. Hapo ndipo mambo yanapotukaribia. Hesabu nao: nne ni upat, tano lima, saba pito, nane walo. Sasa vuka uje Bukini, yaani Madagaska: efatra, dimy, fito, valo. Tazama p inavyogeuka f, na w inavyogeuka v. Binamu wa Kisebuano yuko mlangoni petu! Na kule Mayotte kuna Kibushi, lugha ya jamii ya Kimalagasi, inayosemwa bega kwa bega na Shimaore, ambayo ni jamaa wa Kiswahili.

Mtego mwingine ni maneno kufanana kwa bahati tupu. Kwa Kisebuano wala ni neno la kukana: wala koy kwarta, sina pesa. Usikimbilie kushangilia, maana wala yetu imetoka kwa Waarabu na yao ni ya kwao. Lima yao ni tano, yetu ni kazi ya jembe. Mata yao ni jicho, yetu ni wingi wa uta.

Kuna pia kufanana kwa umbo, ambako nako hakuthibitishi ujamaa. Kiarmenia kinasema na, Kisebuano siya, sisi yeye, na katika zote tatu hujui kama ni mwanamume au mwanamke. Kiarmenia kinapachika viambishi mwishoni: kaghak ni mji, kaghakner miji, kaghaknerum mijini. Hiyo -um inafanya kazi ile ile ya -ni yetu, bila kuonana hata siku moja.

Mwanafunzi anayetoka Kiswahili atasumbuka na Kiarmenia kwanza kwa herufi, zile 36 alizozibuni Mesrop Mashtots mwaka 405 hivi (baadaye ziliongezwa), halafu kwa konsonanti zinazoandikwa zikibanana bila irabu, kama katika jina Mkrtich. Kisebuano kinaandikwa kwa herufi hizi hizi zetu, na ngalan, yaani jina, huanza na ng' ya ng'ombe, sauti inayowashinda Wazungu wengi.

Kitakachomtatiza huko ni “sisi”. Kwetu mwenyeji akisema “tunaenda kula”, mgeni anabaki kukisia kama na yeye amehesabiwa. Mtu wa Cebu ana kita kwa sisi pamoja na wewe, na kami kwa sisi bila wewe. Ukisikia “mangaon ta”, ambapo ta ni ufupisho wa kita, nawa mikono.