Mafuta ya transfo ya zamani hayauzwi wala hayagawiwi jirani

Mkataba wa Stockholm, ambao Kongo iliuridhia 2005, uliweka tarehe mbili kuhusu PCB, kemikali ya sumu iliyotiwa katika mafuta ya transfo za zamani (mashine za kubadili nguvu ya umeme): vifaa vyenye kemikali hiyo viondolewe kazini ifikapo 2025, na taka zake ziwe zimeshughulikiwa kwa usalama ifikapo 2028. Ndiyo maana tunawaandikia wenye karakana, mafundi wa kusudea na wanunuzi wa vyuma wa Lubumbashi.

PCB ilipendwa viwandani kwa sababu haishiki moto upesi wala haiozi. Huko kutooza ndiko tabu yenyewe: ikimwagika Kampemba leo, wajukuu wataikuta udongoni, na njiani itakuwa imepitia mafuta ya mwili ya samaki, ya kuku na ya mama anayenyonyesha.

Bado tunaambiwa kuhusu mafuta ya transfo, "Hayanuki, tena yanakaanga vizuri." Jamani! Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, PCB ilivuja kiwandani ikaingia katika mafuta ya kupikia. Watu walijaa vipele, na watoto wakazaliwa ngozi ikiwa imegeuka rangi. Ubelgiji, 1999, mafuta ya transfo yaliingia katika chakula cha kuku, mayai yakaondolewa madukani. Kuchemsha hakusafishi kitu. Kuchoma kwenye moto wa kawaida huzaa dioksini, na hizo ni mbaya zaidi.

Wengine husoma kibao cha transfo, wasipoona majina ya biashara ya PCB kama Pyralène, Askarel au Aroclor, wanatulia. Kibao hakitoshi. Pampu iliyogusa PCB ikijaza transfo nyingine, mafuta safi yanachafuka. Jibu hutoka maabara, na mpaka ni miligramu 50 za PCB katika kilo moja ya mafuta.

Kwa hiyo usiifungue transfo. Iweke juu ya sementi, chini ya paa, ndani ya beseni la chuma linaloweza kupokea mafuta yote ikivuja. Andika namba ya kibao, mwaka, uzito, ilikotoka na tarehe uliyoipokea. Bandika alama ya hatari. Kisha peleka taarifa kwa maandishi kwenye huduma ya mazingira ya jimbo, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kuisafirisha ng'ambo ili iharibiwe kunadai idhini ya maandishi ya nchi inayopokea, na pia ya Zambia ikipita Kasumbalesa. Bila karatasi hizo, gari lisiondoke.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka uchafuzi unaotokana na kazi ya kiuchumi ulipiwe fidia au urekebishwe. Cha 55 kinahesabu kuhifadhi, kufukia na kumwaga majini taka za sumu kuwa kosa la jinai, ziwe zimetoka nje au humu nchini. Someni hapo "humu nchini", maana wengi hudhani sheria inahusu meli za wageni tu.

Marekani, chini ya sheria ya 1980 ya kusafisha maeneo yaliyochafuliwa, umwagikaji wa gramu 454 za PCB ndani ya saa 24 lazima utolewe taarifa mara moja. Huko, aliyemlipa mwingine akatupe taka zake bado hudaiwa gharama za kusafisha. Tunatamani ukali huo ufike hapa.

Wewe uliyekwisha nunua bidoni ya mafuta hayo bila kujua, usimwage mtaroni. Ifunge, iweke mbali na jiko na watoto, uje utuambie.