Salio nono halikupi viza

Utausikia kila mahali ushauri huu: kabla ya kuomba viza ya Schengen (ile ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya), azima milioni kadhaa, ziingize benki, kisha uchapishe taarifa ya akaunti. Wengi hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe hapo. Afisa wa viza hatazami salio la mwisho tu. Hupitia mwenendo wa miezi 3 hivi. Akaunti iliyozoea mshahara wa shilingi 600,000, halafu ghafla 10,000,000 siku mbili kabla ya maombi, inazua swali: za nani hizi? Tena anapima kama utarudi nyumbani, ndiyo maana barua ya likizo kutoka kwa mwajiri au leseni ya duka ina uzito. Shangazi ndiye anayekulipia? Sema hivyo, uambatishe barua yake.