Difraksheni ya elektroni kwa bajeti ndogo: kamera wala sio tatizo

Mtu akisema anataka kujitengenezea kifaa cha difraksheni ya elektroni kwenye hadubini ya kuskani (elektroni zinapiga sampuli, zikirudi zinachora mistari na mikanda inayoonyesha fuwele zake zimepangwaje), wa kwanza kujibu atamwambia hiyo kamera utaiweza? Eti bila kamera ya kisayansi ya mamilioni hupati kitu. Si kweli jamani. Wanafizikia wa Japani, Nishikawa na Kikuchi, walinasa mistari hii mwaka 1928 kwa sahani za picha, sensa hata hazijazaliwa. Kujua fuwele imeelekea wapi picha ya pikseli 160 kwa 120 inatosha, maana programu inatafuta tu mikanda imepita wapi na inakatiza wapi. Kamera ya bei unalipia spidi, maelfu ya picha kwa sekunde, wewe utasubiri tu. Chukua sensa ya kawaida ya CMOS, aina ile ya kamera za simu, na lenzi inayopitisha mwanga mwingi, ikae nje ya chemba ya hadubini inamokaa sampuli ichungulie dirishani, ndani ibaki skrini ya fosfori, ile inayotoa mwanga ikipigwa na elektroni. Alafu zima kamera ya kuangalizia chemba, taa yake ya infraredi inamwagikia kwenye sensa picha yote inakuwa ukungu.

Wengine wanadhani skrini ni kupaka fosfori kwenye kioo basi. Fosfori haipitishi umeme, elektroni zikirundikana hapo picha inavurugika, ndo maana juu yake inawekwa alumini nyembamba sana, ambayo pia inarudisha mwanga upande wa kamera. Na dirisha lisiwe la plastiki! Kwenye kilovolti 20 eksirei zipo, weka kioo chenye madini ya risasi na upime kwa mita ya mionzi kabla hujakaa karibu.

Programu nazo sio lazima ununue, kikuchipy ni huria na inafanya kazi ya maana.

Ila kinachowaumiza watu kweli ni sampuli, na hapa ndo kifaa kinasingiziwa. Sampuli inalazwa nyuzi 70, na picha inatoka kwenye makumi machache tu ya nanomita za juu, sasa ukiipolishi kwa almasi ukaishia hapo, kwa macho inang'aa kama kioo lakini juu kuna tabaka fuwele zake zimevurugwa, mikanda huioni hata ukiwa na kamera ya milioni ngapi. Malizia na silika laini ya majimaji, taratibu, usikandamize. Hapo picha ikigoma ndo uanze kufungua skrubu.