pKa: namba inayoonyesha protoni itaelekea wapi

Asidi ya benzoiki ni unga mweupe usiomumunyika vizuri katika maji baridi. Umwagie mmumunyo wa bikaboneti ya sodiamu: povu linapanda, na baada ya muda unga haupo tena. Rudia jaribio hilo kwa 2-naftoli na hutaona badiliko la maana. Weka haidroksaidi ya sodiamu mahali pa bikaboneti, na 2-naftoli nayo inaingia majini. Naftalini haiguswi na yote mawili. Vitu vitatu vyenye sura inayokaribiana vimetenda tofauti kabisa, na tofauti hiyo ungeweza kuitabiri kabla ya kushika chupa, kwa kutazama jedwali la pKa.

Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walieleza asidi kuwa kitu kinachotoa protoni na besi kuwa kitu kinachoipokea. Protoni hapa ni atomu ya haidrojeni iliyoacha elektroni yake nyuma, yaani H⁺. Asidi ikishaitoa, kinachobaki huitwa besi mwenza. Asidi ya asetiki, CH₃COOH, hubaki ioni ya asetati, CH₃COO⁻. Asidi na besi mwenza wake hawatengani kifikra: kadiri asidi inavyotoa protoni kwa urahisi, ndivyo besi mwenza wake asivyo na haja ya kuirudisha.

Urahisi huo hupimwa kwa Ka. Acha asidi HA itulie katika maji hadi ifikie msawazo, yaani hadi kutoa na kurudisha protoni viende kwa kasi sawa, kisha zidisha ukolezi wa H⁺ kwa ukolezi wa A⁻ na ugawe kwa ukolezi wa HA iliyobaki nzima. Kwa asidi ya asetiki jibu ni kama 0.000017. Namba za aina hiyo hazishikiki kichwani, hivyo huchukuliwa logi yake ya kizio cha 10 na kubadilishwa alama: pKa = −log Ka, ambayo hapa ni 4.76. Kwa sababu ya ile alama ya kutoa, pKa ndogo ni asidi kali na pKa kubwa ni asidi dhaifu. Kila hatua moja ni mara 10. Asidi ya benzoiki, yenye pKa 4.20, haiizidi ya asetiki kwa “nusu hatua” tu. Inaizidi zaidi ya mara tatu.

Neno “kali” huwapoteza wanafunzi wengi. Katika mazungumzo ya kawaida, asidi kali ni ile inayounguza. Katika kemia, kali ni ile inayoachia protoni karibu zote, na iliyokolea ni ile iliyo nyingi ndani ya ujazo mdogo. Asidi ya asetiki ya asilimia 99 imekolea mno na itakuunguza ngozi, lakini bado ni asidi dhaifu. Asidi ya haidrokloriki ya moli 0.001 kwa lita ni asidi kali iliyozimuliwa sana. Vivyo hivyo pH na pKa: pH ni hali ya mmumunyo ulio mbele yako na hubadilika ukiongeza maji, ilhali pKa ni tabia ya molekuli yenyewe, na hata uongeze maji kiasi gani haibadiliki.

Namba chache zinafaa kukaa kichwani. Asidi za kaboksili ziko karibu na 4 hadi 5. Asidi ya kaboni, ambayo ndiyo asidi mwenza ya bikaboneti, ni 6.35. Fenoli ni 10, na 2-naftoli 9.5. Maji ni 15.7 katika majedwali mengi ya kemia ogania (mengine huandika 14, tofauti ni ya namna ya kuhesabu ukolezi wa maji yenyewe). Ethanoli ni kama 16, asetilini 25, amonia ikitoa protoni 38, na alkani kama methani karibu 50. Hizo za juu hazipimwi katika maji, kwa sababu besi mwenza wake angenyang’anya maji protoni papo hapo. Ni makadirio kutoka vimumunyishi vingine, na makadirio yanatosha kabisa kwa kazi inayokuja.

Kazi yenyewe ni kujua mmenyuko utaelekea wapi. Chukua pKa ya asidi itakayozaliwa, toa pKa ya asidi unayoanza nayo. Tofauti hiyo ndiyo kipeo cha 10 katika kiwango cha msawazo, namba ambayo ikizidi sana 1 mmenyuko unakwenda mbele, na ikiwa chini sana ya 1 hauendi. Asidi ya benzoiki na bikaboneti: 6.35 − 4.20 ni 2.15, yaani kiwango cha karibu 140. Mmenyuko unakwenda mbele, na zaidi ya hapo asidi ya kaboni inavunjika kuwa maji na kaboni dioksaidi inayotoroka hewani, kwa hiyo hakuna wa kurudi. 2-naftoli na bikaboneti: 6.35 − 9.5 ni −3.15, kiwango cha 0.0007. Haiendi popote. 2-naftoli na haidroksaidi: 15.7 − 9.5 ni 6.2, zaidi ya milioni moja. Naftalini haina haidrojeni ambayo besi hizi zinaweza kuing’oa, hivyo inabaki ilivyo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini anayetaka kung’oa protoni ya asetilini hutumia amidi ya sodiamu, ambayo ioni yake ni besi mwenza wa amonia, wala si haidroksaidi. Kwa amidi, 38 − 25 inatoa kiwango cha 10¹³. Kwa haidroksaidi, 15.7 − 25 inatoa chini ya sehemu moja kwa bilioni. Inaeleza pia kwa nini chupa ya kitendanishi cha Grignard, chenye kaboni iliyofungwa kwa magnesiamu, lazima ikaushwe kabisa. Kitendanishi hicho hutenda kama besi mwenza wa alkani, na maji kwake ni asidi iliyo mbele kwa zaidi ya hatua 30. Kila molekuli ya maji iliyobaki ukutani mwa chupa itaua molekuli moja ya kitendanishi kabla hujaongeza kile ulichokusudia kitendane nacho.

Namba hizi zinatoka wapi? Tazama besi mwenza, usitazame asidi. Swali ni moja: chaji hasi iliyobaki inakaa wapi, na inatulia kiasi gani? Katika ethanoli inabaki juu ya oksijeni moja, imebanwa. Katika fenoli inasambaa hadi ndani ya duara la kaboni sita, na hilo hasa ndilo linaloishusha pKa kutoka 16 hadi 10. Katika asidi ya kaboksili inagawanywa sawasawa kati ya oksijeni mbili, na oksijeni hupenda elektroni kuliko kaboni, hivyo pKa inashuka hadi karibu 5. Ukipachika klorini jirani, nayo inavuta elektroni upande wake: asidi ya kloroasetiki ni 2.87, na ile yenye klorini tatu iko chini ya 1. Mvuto huo hupungua haraka kwa umbali. Klorini iliyo mbali kwa kaboni tatu karibu haisikiki.

Amini huleta mkanganyiko wake. Ukiambiwa “pKa ya anilini ni 4.6”, hiyo si ya anilini kutoa protoni. Ni ya anilini iliyokwisha kupokea protoni na kuwa ioni yenye chaji chanya. Kwa besi, kwa hiyo, pKa kubwa ni besi kali: ethilamini, 10.7, ni besi kali kuliko anilini kwa zaidi ya mara milioni, kwa sababu katika anilini elektroni mbili za naitrojeni zinavutwa ndani ya duara.

Mahali ambapo yote haya yanashikika kwa mikono ni katika faneli ya kutenganishia, chombo chenye koki chini ambamo tabaka la etha na la maji hugawanyika: kilichotoa protoni na kuwa ioni huingia majini, kisichotoa hubaki kwenye etha. Chukua mchanganyiko wa milimoli 10 za kila kimoja: gramu 1.22 za asidi ya benzoiki, 1.44 za 2-naftoli na 1.28 za naftalini. Mumunyisha vyote katika mililita 50 za dietili etha. Etha huchemka kwenye nyuzijoto 35 za Selsiasi na mvuke wake hutambaa mezani hadi ukute moto, kwa hiyo pasiwe na mwali wala sahani ya umeme yenye joto karibu. Vaa miwani ya kinga kabla ya yote, kwani haidroksaidi ya sodiamu ni hatari zaidi kwa macho kuliko asidi nyingi.

Anza na bikaboneti, kamwe usianze na haidroksaidi. Haidroksaidi ingevuta asidi ya benzoiki na 2-naftoli kwa pamoja, na kazi ya kuzitenganisha ingebaki palepale. Tumia mililita 15 za mmumunyo ulioshiba, mara mbili. Milimoli 10 za asidi hutoa karibu mililita 240 za gesi ya kaboni dioksaidi, zaidi ya nafasi iliyobaki katika faneli ya mililita 250. Ndiyo sababu kizibo huruka kwa mtu aliyekiweka mapema. Zungusha faneli ikiwa wazi hadi povu litulie, kisha weka kizibo, geuza, na ufungue koki kila baada ya mtikiso mmoja au miwili huku mdomo wa faneli ukielekea mbali na watu. Etha ni nyepesi kuliko maji, hivyo inakaa juu. Ungetumia daikloromethani ingekaa chini. Ukiwa na shaka, dondosha tone la maji uone linaishia tabaka gani, na usimwage tabaka lolote hadi vitu vyote vitatu viwe vimepatikana.

Sasa rudia kwa mililita 10 za haidroksaidi ya sodiamu yenye moli 2 kwa lita, mara mbili, na uweke mmumunyo huo katika bikari yake. Hapa kosa la kawaida ni kutikisa kwa nguvu: matone madogo hufanya kitu kama maziwa kisichotaka kugawanyika. Subira husaidia, na vijiko vichache vya mmumunyo ulioshiba chumvi husaidia zaidi. Tabaka la etha lioshwe kwa mmumunyo huohuo wa chumvi, likaushwe kwa salfeti ya magnesiamu isiyo na maji, lichujwe, kisha etha ifukuzwe kwa joto dogo. Naftalini hugeuka mvuke bila kupita umajimaji, na anayepasha sana huona mazao yake yamehamia shingoni mwa chupa.

Asidi ya benzoiki iko majini ikiwa benzoati ya sodiamu. Ongeza asidi ya haidrokloriki ya moli 6 kwa lita, tone kwa tone, ndani ya bikari kubwa, kwani bikaboneti iliyozidi itatoa povu upya. Zitahitajika karibu mililita 6, lakini usiamini ujazo. Amini karatasi ya pH. Lengo ni pH 2, na sababu yake iko katika pKa. Pale pH inapolingana na pKa, yaani 4.2, nusu bado ni benzoati na imebaki majini. Hatua mbili chini yake, asilimia 99 imerudi kuwa asidi. Anayesimama kwenye pH 4 kwa kuwa ameona unga mweupe umejitokeza ameacha karibu nne kwa kumi ya asidi yake ikiwa bado benzoati.

Kisha poza kwa barafu. Kwenye nyuzi 25 lita moja ya maji hushika gramu 3.4 za asidi ya benzoiki, kwa hiyo mililita 40 zingekula gramu 0.14, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mazao yote. Karibu na nyuzi sifuri hasara hiyo inapungua kwa nusu. Chuja, osha kwa maji machache ya baridi, kausha. Mmumunyo wa 2-naftoli ufanyiwe hivyohivyo. Kwa kuwa pKa yake ni 9.5, ingetoka hata kwenye pH 7, lakini kushuka zaidi hakudhuru.

Mtego wa mwisho uko kwenye kipimajoto. Asidi ya benzoiki huyeyuka kwenye nyuzi 122, na 2-naftoli pia huyeyuka karibu na 122. Mtu aliyebadilisha bikari zake kwa bahati mbaya atapima, ataona namba sahihi, na ataandika jina lisilo sahihi. Chukua punje ya ulichopata, saga pamoja na punje ya asidi ya benzoiki safi, kisha pima mchanganyiko huo. Ukiyeyuka ghafla kwenye 122, ni benzoiki. Ukianza kulegea nyuzi nyingi kabla ya hapo na kuyeyuka polepole, ulichoshika ni 2-naftoli, au ni vyote viwili.